MANENO YA NANI HAYA? JUU YA KUJIBU BARUA PEPE ZA KAZI



Siku hizi barua nyingi za kazi haziji tena kwa bahasha. Barua ya kuitwa kujieleza, barua ya onyo, barua ya kusimamishwa kazi, zote zaja kwa barua pepe. Na mara nyingi mwenye kuandikiwa yuko likizo kwao, Migori au Homa Bay, mbali na ofisi ya chama, naye amepewa siku chache tu za kujibu. Basi aenda saiba iliyo karibu na stendi, alipa shilingi zake, aketi mbele ya kompyuta, ajibu.

Katika majibu ya namna hii twaona ubaya mmoja ambao chama hakijautazama bado. Mfanya kazi ana haki yake, na maneno yake ni ya kweli, lakini ukilisoma jibu lake hujui maneno ya ofisi yaishia wapi na maneno yake mwenyewe yaanzia wapi. Maneno ya mshitaki na ya mshitakiwa yamekaa pamoja kama mahindi na maharagwe katika gunia moja. Mtu atakayelisoma baada ya miezi sita atachagua mwenyewe lipi ni la nani, na huenda asichague kwa faida yetu.

Twasema dawa iko, ni ndogo, na haina bei. Ni programu ya kubeba mfukoni katika flashi, pamoja na desturi ya kuitumia. Twaomba kila tawi liwe nayo.

TAZAMENI MFANO

Tuseme ofisi imemwandikia mlinzi wa geti la reli maneno haya:

Mlinzi mwenzako ameeleza ofisi hii ya kwamba ulimwambia: nilikuwa nimelala gari lilipopita. Toa maelezo yako.

Mfanya kazi ajibu, na katika kupita kompyuta mbili tatu mistari yakatika, jibu latoka hivi:

> Mlinzi mwenzako ameeleza ofisi hii ya kwamba ulimwambia:
nilikuwa nimelala gari lilipopita.
> Toa maelezo yako.
Si kweli. Nilikuwa macho na taa yangu ilionekana.

Someni mstari wa pili. Hauna alama mbele yake. Asomaye kwa haraka ataona mfanya kazi mwenyewe ameandika kwa mkono wake kwamba alikuwa amelala, kisha akageuka na kusema si kweli. Amekuwa mwungamaji na mwongo katika barua moja, naye hakusema neno hata moja baya. Ni mstari tu umevunjika.

Jibu hilo hilo likitengenezwa lakaa hivi:

> Mlinzi mwenzako ameeleza ofisi hii ya kwamba
> ulimwambia: nilikuwa nimelala gari lilipopita.
> Toa maelezo yako.

Si kweli. Sikumwambia hivyo. Nilikuwa macho na taa yangu ilionekana.

Hakuna lililoongezwa ila alama na nafasi, na mfanya kazi ameona afadhali kukana wazi neno alilosingiziwa. Lakini sasa hata mtoto wa shule ajua nani amesema nini.

JAMBO HILI SI GENI KWETU WA RELI

Sisi wa reli hatufundishwi jambo hili upya. Katika njia moja ambamo magari yaenda na kurudi, stesheni masta hatoi ruhusa kwa kubahatisha. Auliza stesheni ya mbele kama njia ni wazi, ajibiwa, naye ayarudia maneno ya mwenzake kama yalivyo, na yaandikwa katika kitabu pamoja na saa. Kurudia huko si kupoteza wakati. Wazee wetu walijua kwamba neno moja likisikiwa vibaya, magari mawili hukutana uso kwa uso.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Haikufika Migori wala Homa Bay kwa chuma, lakini Homa Bay ilifikiwa kwa maji, maana meli za reli zilitia gati hapo, na shehena iliandikwa kwa hati: nani ametuma, nani amepokea, kiasi gani. Kwa hiyo watu wa pwani ile ya ziwa wajua tangu zamani faida ya karatasi inayosema wazi mzigo ni wa nani.

Na sote tuliopita shule ya misheni twakumbuka mwalimu alivyotufundisha kufunga na kufungua maneno ya mtu kwa alama, ili maneno ya Petro yasiwe ya Yohana. Vijana nao wajua desturi hii katika WhatsApp: ukitaka kujibu neno moja kati ya maneno mengi walivuta kando, nalo lakaa juu ya jibu lako ndani ya kisanduku. Basi kwa nini tuwe waangalifu tukijibizana juu ya mpira, kisha tuwe wazembe tukijibu barua inayotaka kutunyang'anya mkate?

KWA NINI MISTARI HUVUNJIKA

Alama ya kunukuu katika barua pepe ni hii: >, iliyo kama ncha ya mshale. Huwekwa mwanzo wa kila mstari wa maneno ya mwenzako. Akijibiwa naye ajibu tena, maneno ya kwanza hupata alama mbili, kisha tatu. Kwa kuhesabu alama wajua maneno yamepita mikono mingapi.

Shida ni upana wa mstari. Kanuni za barua pepe zashauri mstari usipite herufi 78, na waraka wa adabu za mtandao uliotolewa mwaka 1995, nambari 1855, washauri zisifike hata 65. Barua ikija na mistari iliyokwisha kujaa, kila alama unayoiongeza mbele yasukuma maneno mbele. Neno la mwisho lakosa nafasi, laanguka mstari wa chini, na huko chini hakuna alama. Barua ikirudi mara tatu, mistari yawa mmoja mrefu mmoja mfupi, kama kitana kilichong'oka meno. Mwaka 2004 ulitoka waraka mwingine, nambari 3676, unaoeleza namna ya kuandika mistari ili programu ya upande wa pili iweze kuiunga tena. Lakini si programu zote zinazoufuata.

Kuna na programu za ofisi ambazo haziweki alama kabisa. Zaweka barua ya zamani chini ya msitari mmoja, na mwenye kujibu huambiwa ajibu humo humo kwa rangi nyekundu au buluu. Yapendeza machoni. Lakini barua ile ikipigwa chapa katika mashine ya saiba yenye wino mweusi tu, au ikitolewa kopi mara mbili, rangi yote yaisha, na maneno yawa ya mtu mmoja. Twasema: tusitegemee rangi. Alama ya > haifi katika mashine ya kopi.

PROGRAMU ZIPO

Watu wameisumbukia shida hii zamani. Mwaka 1993 Adam M. Costello alitoa programu ndogo iitwayo par, ya kompyuta za Unix, inayopanga mistari upya bila kupoteza alama za kunukuu. Dominik Jain naye alitengeneza OE-QuoteFix ya kuponya vitana katika Outlook Express, akaitoa bure. Outlook Express yenyewe iliachwa, na dawa yake ikabaki bila mgonjwa. Hili latufundisha kwamba programu inayotegemea programu nyingine hufa pamoja nayo. Yafaa tuchague chombo kinachosimama peke yake.

Tena kompyuta ya saiba si mali yetu. Mwenyewe hatakuruhusu kuweka programu ndani yake, na ana haki. Kwa hiyo twataka ile isiyohitaji kuwekwa: yakaa katika flashi, yafanya kazi kutoka humo, na ukiichomoa waondoka nayo. Programu za namna hii zimekuwa zikikusanywa na PortableApps.com, kazi iliyoanzishwa na John T. Haller, na hutolewa bure.

Tumetazama mbili. Ya kwanza ni Thunderbird ya kubeba. Hiyo ni programu nzima ya barua pepe, yaweka alama yenyewe, na ina amri iitwayo "Rewrap" inayopanga mistari iliyonukuliwa bila kuharibu alama. Ni nzuri kwa katibu mwenye kompyuta yake. Kwa mwanachama wa saiba hatuishauri, maana ni kubwa, na barua zako zote zaweza kukaa katika flashi. Flashi ikianguka katika matatu kati ya Rongo na Migori, siri zako na za chama zimeanguka nayo.

Ya pili ni Notepad++, iliyoanzishwa na Don Ho mwaka 2003. Hii si ya barua, ni ya kuandikia maneno matupu tu, na ukubwa wake ni megabaiti chache. Kwa kazi yetu yatosha. Njia yake ni hii:

1. Nakili maneno ya ofisi kutoka katika barua, uyabandike katika Notepad++. Kama yana alama za zamani zilizovunjika, zifute kwanza.

2. Kama mistari imekuwa kitana, chagua aya moja, nenda "Edit", kisha "Line Operations", kisha "Join Lines". Aya yawa mstari mmoja. Fanya aya moja moja, usifanye zote pamoja, ama zitaungana ziwe fungu moja.

3. Punguza upana wa dirisha la programu hata liwe la kadiri, chagua maneno yote, kisha katika orodha ile ile bonyeza "Split Lines". Mistari yakatwa sawasawa.

4. Bonyeza Ctrl pamoja na H. Chini chagua "Regular expression". Katika nafasi ya kutafuta andika alama ya kofia, ^, ambayo maana yake ni mwanzo wa mstari. Katika nafasi ya kubadilisha andika > na uache nafasi moja. Bonyeza "Replace All". Kila mstari wapata alama yake.

5. Sasa andika jibu lako chini ya kila shitaka, ukiacha mstari mtupu juu na chini. Nakili yote, uyarudishe katika barua. Kama ni Gmail ya kompyuta, chagua kwanza "Plain text mode" ili isikupambie maneno.

Ukizoea, kazi yote haizidi dakika chache. Na kama flashi huna, au mwenye saiba amekataza flashi, kaa uweke alama kwa mkono mstari kwa mstari. Shitaka la mistari kumi lataka alama kumi.

Neno moja la hadhari. Pakueni programu kutoka mahali pake penyewe au PortableApps.com tu. Kurasa nyingine zimejaa vitufe vikubwa vya kijani vinavyokuita upakue, na ndani yake mna uchafu. Flashi iliyoingia katika kompyuta ya watu wote ipimwe virusi kabla ya kuingia katika kompyuta ya tawi. Na ukimaliza saiba, toka katika akaunti yako kabla ya kuinuka kitini.

MAMBO MAWILI YA KUANGALIA ZAIDI

La kwanza ni mkia wa barua. Simu na Gmail huficha maneno ya zamani chini ya vidoti vitatu. Hayakufutika, yamefichwa tu machoni pako, na yasafiri pamoja na barua. Tuseme mwanachama ameandikiana na katibu wa chama juu ya shauri lake: shahidi ni nani, hoja ipi tuiweke akiba mpaka siku ya baraza. Kisha aichukua barua ile ile, aandika juu yake maneno mawili kwa ofisi, aituma. Amewapelekea wakubwa mpango wote wa chama, na jina la shahidi ndani yake. Kabla ya kutuma, bonyezeni vile vidoti vitatu mwone kilichomo. Ama heri zaidi, anzeni barua mpya na mbandike yale tu mnayoyajibu.

La pili ni kukata. Waraka ule wa 1995 wasema nukuu kiasi cha kutosha tu, na kwa barua za kawaida ni shauri jema. Lakini barua ya mashitaka si barua ya kawaida. Ukikata sentensi weka nukta tatu ionekane umekata, wala usibadili neno hata kama limeandikwa vibaya. Kama barua ni ya Kiingereza, nukuu Kiingereza chake kama kilivyo, kisha ujibu kwa lugha unayoimudu. Faida ya kunukuu ni hiyo pia: huhitaji kutafsiri maneno ya mkubwa na kuja kuambiwa umeyapotosha.

SHERIA NAYO

Wako watakaosema haya ni mambo ya makarani. Twawajibu kwa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yataka mwajiri, kabla ya kumfukuza mfanya kazi kwa kosa la mwenendo au kwa kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na amsikilize, naye mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa maelezo hayo. Kifungu cha 43 chataka mwajiri athibitishe sababu yake. Basi shauri likifika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, swali la kwanza ni: mfanya kazi aliambiwa nini, naye alijibu nini? Jibu letu la barua pepe ndilo litakalosomwa.

Kwa habari ya ushahidi, Sheria ya Ushahidi katika kifungu cha 106B yakubali maandishi ya kompyuta, nayo yataka cheti kinachoeleza maandishi yalivyotolewa na chombo kilichotumika. Kwa hiyo msifute barua yenyewe ya asili. Nukuu ni ya kujibia, lakini barua ya asili ndiyo shahidi. Iacheni mahali pake, na kopi yake moja iende kwa katibu.

TUNAYOYATAKA KWA CHAMA

Tom Mboya, aliyezikwa kisiwani Rusinga katika kaunti ya Homa Bay, alikuwa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour. Siku zile karani wa chama alipiga chapa barua yake pamoja na kopi ya kaboni, na kopi ikawekwa faili. Hakuna aliyeona kaboni kuwa ufahari. Ilikuwa chombo cha kazi, na bila hiyo chama hakikuwa na kumbukumbu. Flashi tunayoisema leo ni kaboni ya wakati huu.

Wako wenzetu wanaotaka chama kinunue kompyuta kubwa na kuiweka katika ofisi ya mjini. Hatukatai. Lakini kompyuta ya mjini haimsaidii mtu aliye Karungu au Mbita mwenye siku tatu za kujibu. Fedha kidogo zikiwa ndizo zilizoko, zianze kwa kile kinachofika kwa mwanachama alipo. Kwa hiyo twaomba haya:

Kwanza, kila tawi linunue flashi chache, liweke ndani yake programu hii moja, pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili, na mfano wa jibu lililonukuliwa vizuri. Wenzetu wa Migori na Homa Bay wapate mapema, kwa maana wao wako mbali.

Pili, katika mkutano wa tawi itengwe nusu saa ya kufundishana. Vijana wanaojua kompyuta wawafundishe wazee, na wazee wanaojua mashauri wawafundishe vijana yapi ya kunukuu na yapi ya kunyamazia.

Tatu, hakuna jibu la mashitaka litakalotumwa kabla mtu wa pili hajalisoma, naye aulize kwa kila mstari: maneno haya ni ya nani? Asipoweza kujibu, barua isitumwe.

Hatudai kwamba alama ndogo itamfanya mwajiri mkali awe mpole. Mwenye nia ya kumwonea mtu atatafuta njia nyingine. Lakini asiipate njia hiyo katika barua yetu wenyewe. Mashitaka yao yabaki yao, na majibu yetu yabaki yetu, kila moja mahali pake, mpaka siku ya kusomwa mbele ya hakimu.

Mwenye neno juu ya jambo hili na alilete katika mkutano wa tawi.

Ni sisi wenzenu, wafanya kazi wa reli.